Sikio na Taa ya Njano

Jina la Sikio alipewa na vijana waliokuwa wakipanda naye lorini, enzi zile akiendesha tela refu la mafuta lenye matairi mengi kuliko madirisha ya nyumba yake. Kila alfajiri, kabla hajawasha injini, alilizunguka lori na mpini wa jembe mkononi, akagonga tairi moja baada ya jingine na kusikiliza. Tairi lililoshiba upepo lilijibu kwa mlio mkavu, ndi! Lililopungua liliguna kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

"Hili la ndani lina msumari," alikuwa akisema, na vijana wakabisha, wakalifungua huku wakilalamika na jasho likiwatoka, na msumari ukakutwa humo umejilaza. Mwishowe wakaacha kubisha. Wakamwita Sikio, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

Mkewe, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana na ambaye hakuvumilia majina ya kijiweni, hilo alilikubali, kwa kuwa lilikuwa jina la sifa. Lingekuwa la dhihaka angelirudisha lilikotoka siku hiyo hiyo. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mumewe, na mbele ya wageni alipenda kutaja kwamba katika maisha yake yote ya barabarani mume wake hakuangusha lori wala hakuuza njiani hata kikombe kimoja cha mafuta ya watu. Wageni walitikisa kichwa. Mzee alitazama chini na kusugua goti, kama afanyavyo mtu anayesifiwa na mkewe.

Alipostaafu, kampuni ilimpa zawadi ya geji ya kupimia upepo, ya shaba, ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini. Alishukuru, akapiga nayo picha, akaipandisha juu ya kabati. Geji ya nini kwa mtu anayeitwa Sikio? Mwalimu ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi.

Mtoto wao wa pekee, wa kiume, alifanya kazi mbali, na mke wa kijana huyo alikuwa mhasibu wa watu wenye haraka. Akiondoka asubuhi, anarudi giza likiwa limeshaingia. Kwa hiyo gari lao dogo jeupe lililala kwa wazee, chini ya kibanda cha mabati pembeni ya ua, na Sikio ndiye aliyekuwa dereva wa ukoo. Aliwapeleka wajukuu wawili shule, akampeleka Mwalimu kliniki ya macho, akawapeleka shangazi na mawifi kwenye misiba na kuwarudisha. Usukani ndio uliomwamsha asubuhi na kumnyoosha mgongo.

Mkwe wake alimheshimu sana, na siku moja, kwa heshima hiyo hiyo, alimwambia, "Baba, siku ukichoka useme tu. Tutatafuta dereva wa kutusaidia. Usijitese kwa ajili yetu."

"Nichoke na nini, mama? Kuna mtu huchoka kukaa?"

Walicheka wote. Lakini usiku huo mzee hakulala vizuri. Alijiona kama mtu aliyejiwa kusalimiwa na watu waliobeba kamba ya kupimia kaburi lake.

Maana kulikuwa na jambo. Ndege walikuwa wamehama mtaa, au ndivyo alivyodhani; aliwalaumu majirani kwa kukata miti. Watangazaji wa redio siku hizi walikuwa wakinong'ona. Watoto walikuwa wakila maneno. Mtu akimsemesha kutoka nyuma, alijibu "Ndiyo hivyo!" kwa sauti ya furaha, na mara nyingi jibu hilo lilitosha. Mwalimu naye alikuwa ameanza tabia ya kumkabili usoni kila anapotaka kusema naye, taratibu, kama anayefundisha darasa la kwanza kusoma. Mzee aliona ni ualimu tu unaomrudia uzeeni. Tena Mwalimu alikuwa ameshika mtindo wa kupanda gari karibu kila asubuhi, eti anafuata maziwa dukani, na njia nzima hakunyamaza: "Kuna pikipiki nyuma, mwache apite. Huyo anakupigia honi, sogea kidogo. Kuna gari la wagonjwa linakuja."

"Mwalimu, gari hili lina madereva wangapi?"

"Wewe endesha. Mimi nasimamia."

Kama mzee alijua, alijua kwa namna ya mtu anayepita mbele ya kioo bila kugeuza uso.

Taa iliwaka asubuhi ya Jumatatu. Ilikuwa ya njano, yenye umbo la sufuria iliyopasuliwa katikati, na ndani yake alama ya mshangao. Alizima gari, akawasha tena. Taa ikamtazama. Alipowafikisha watoto na kurudi, alichukua mpini wake wa jembe nyuma ya mlango wa jiko, akalizunguka gari.

Aligonga la kwanza. Akagonga la pili, la tatu, la nne. Yote manne yalimjibu sauti moja, laini, kama mtu anayegonga mto wa kulalia. Akasimama akifikiri. Hayawezi kuwa yamepungua yote kwa mkupuo. Na kama sauti ni moja, basi upepo ni mmoja, yako sawa. Akarudisha mpini mahali pake na kutamka hukumu: taa inasema uongo.

Jioni mkwe alipofika kuchukua watoto, alikuta mjadala umeshaiva.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Gari lako limejifunza umbea."

Mkwe aliinama dirishani, akaiona taa. "Hii ni ya upepo, baba. Ndani ya matairi kuna vidude vya kupima, mafundi wanaviita sensa. Tairi likipungua, zinatoa taarifa huku mbele."

"Matairi nimeyagonga mwenyewe. Hayana neno. Wambea ni hao wenzangu wa humo ndani."

"Basi huenda zimechanganyikiwa tu. Kazini dada mmoja lake lilimfanyia hivyo, akalirekebisha nyumbani kwake bila fundi. Ngoja." Akatoa simu, akatafuta, akapata video ya mtu mmoja asiyeonekana uso, mikono tu na sauti. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani na miwani yake myeusi. Watoto walikimbilia simu.

Mzee aliona mikono ikionyesha tairi, kisha geji. Midomo haikuwepo ya kuitazama.

"Anasema nini?"

Mkwe akapaza sauti kidogo. "Anasema kwanza hakikisha upepo wa matairi yote uko kwenye kipimo chake, gari likiwa limepoa. Ndipo ubonyeze. Ukibonyeza tu, gari linachukua upepo uliomo wakati huo na kuufanya ndio sahihi."

"Pita hapo."

"Nipite, baba?"

"Hapo mimi nimeshapita tangu asubuhi. Unampima tena mtu aliyepimwa na Sikio?"

Watoto walicheka, mkwe akacheka, na hata pale barazani Mwalimu aligeuza uso upande wao. Kinywa chake kilifunguka kidogo, kikafungwa. Mbele ya mkwe na watoto asingeweza kusema, "Mume wangu, chukua geji." Lilikuwa neno dogo, lakini lingemvua mtu jina lake uani, hadharani.

Kitufe kilikuwa chini ya usukani, mahali ambapo hata mtengenezaji hakutaka kionekane. Mzee alizungusha ufunguo bila kuamsha injini, kama alivyoelekezwa, akaingiza mkono, akabonyeza na kushikilia. Taa ikapepesa mara tatu, polepole. Wakasubiri. Kisha ikazimika.

"Imekwisha!" watoto wakaruka.

"Sikio ni Sikio," mkwe akasema, na akasema kwa moyo wake wote.

Mzee alishuka garini akiwa amerefuka. Chakula cha usiku alikula mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi aliwasimulia wajukuu kisa cha lile lori na msumari wa ndani, kabla mama yao hajawavuta kwenda kwao.

Kesho yake Mwalimu hakupanda gari. Alikuwa ametiwa dawa ya macho, mwanga ulimuumiza, na daktari alimwambia akae kwenye kivuli. Alisimama mlangoni amejikinga kwa kiganja. Alisema kitu, na mzee akajibu, "Ndiyo hivyo!"

Gari lilikuwa likivuta upande. Kidogo tu, kama mtoto anayemvuta babu yake dukani. Mzee akalaumu barabara. Tangu mvua zilipokwisha walikuwa hawajafukia mashimo. Kwenye mteremko wa kuelekea shule pikipiki ilimpita, dereva wake akageuka na kupunga mkono kwa nguvu, akionyesha chini, akionyesha mbele, kinywa wazi. Mzee akampungia. Watu wa barabarani bado wanamkumbuka, alijiambia. Nyuma mjukuu wa kike alisema kitu.

"Ndiyo hivyo, mama!"

Akasema tena. Mzee akaongeza tabasamu kwenye kioo.

Kwenye kona ya daraja, gari lilikataa. Alikata usukani, likachelewa kumfuata. Upande mmoja ulizama, makalio ya gari yakateleza, na kwa muda wa pumzi moja ukingo wa daraja ulikuja dirishani. Mikono yake ya zamani ilijua la kufanya bila kumuuliza. Ikalirudisha. Watoto waliangukiana na, kwa kuwa walikuwa watoto, walicheka. Akawafikisha. Mwalimu wa zamu getini akamsalimu. Kila kitu kilikuwa kama siku zote, na kwenye dashibodi hakukuwa na taa yoyote.

Alirudi mwendo wa miguu, yaani gari likitambaa. Uani alishuka na kufanya kile ambacho madereva wa masafa hufanya kila wanaposimama, bila kufikiri: akapitisha kiganja juu ya matairi. La kwanza vuguvugu. La pili vuguvugu. Kwenye la mbele upande wa abiria aliuondoa mkono haraka. Lilikuwa la moto kama pasi.

Aliinama. Kwa karibu, hata kipofu angeona. Tairi lilikuwa limelala, ubavu wake umefura chini ya rimu, na katikati ya kashata zake, yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, kulikuwa na kichwa cha skrubu kinachong'aa.

Alikwenda kabatini, akashusha kisanduku. Ilimbidi aisome geji kwa mkono ulionyooshwa mbali. Matatu yalikuwa karibu sawasawa. Lile moja halikufika hata nusu yao. Jana jioni, mbele ya watu wake, alikuwa ameshika kitufe na kulifundisha gari kwamba huko kupungua ndiko kujaa, likaamini, likanyamaza.

Basi akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kueleza kwa nini alilifanya. Alichukua mpini wa jembe, akaligonga tairi zima. Akaligonga lililolala. Akarudi kwenye zima. Sasa alijua lipi ni lipi. Macho yalimwambia, kiganja kilimwambia, geji ilimwambia. Alifumba macho akagonga tena. Aliusikia mpini mkononi, ukimrukia huku, ukizama kule. Lakini sikioni yote mawili yalisema neno moja, na neno lenyewe lilikuwa mbali sana, kama linagongwa kwenye ua wa jirani. Alizunguka gari mara moja, akazunguka tena, akizidi kugonga kwa nguvu, mpaka jasho likamwingia machoni.

Alipofumbua, Mwalimu alikuwa amesimama mbele yake kwenye jua, bila miwani, machozi ya dawa yakimtiririka.

"Mume wangu, inatosha. Watu wanasikia."

Midomo aliisoma. Akaketi kwenye kizingiti cha kibanda.

"Tairi la mbele," alisema. "Nilikuwa na watoto ndani."

"Najua. Mjukuu wako amemwomba mwalimu wa zamu simu, amenipigia. Anasema mtu wa pikipiki alipiga kelele 'tairi, mzee, tairi!' na yeye mwenyewe akakuambia mara mbili. Ukamwambia ndiyo hivyo. Ameuliza kama babu amemkasirikia."

Mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa na weusi wa tairi mpaka kwenye mikunjo.

"Umejua tangu lini?"

"Hilo la masikio?" Mwalimu akavuta pumzi. "Tangu ulipoanza kuwasema ndege."

"Na ukaniacha niendeshe."

"Nilipanda na wewe. Ulidhani maziwa yale yote yalikuwa yananywewa na nani? Nusu nampa mama wa jirani. Nikasema, madamu niko pale mbele, atasikia kwa sikio langu. Sikutaka wakuone. Umebeba jina lile maisha yote, nikasema ulimalize nalo. Na leo sikuwepo."

Walikaa hivyo, wawili, na gari jeupe mbele yao likiwa safi, halina taa, halina habari. Mzee alijua anachoweza kufanya. Angeweza kung'oa skrubu, kuziba, kujaza kwa pampu ya mguu na kubonyeza tena kile kitufe. Jioni mkwe angekuta kila kitu sawa. Mtoto angeambiwa babu hakukasirika. Kama gari lingekuwa la kumbeba yeye peke yake, angenyamaza nalo mpaka siku ya kubebwa.

"Nitamwambia mkwe," alisema.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba sisikii."

Mwalimu alishika mkono wake, wenye weusi wote ule. Alikuwa na khanga nyeupe na hakujali. "Utaacha usukani, sawa. Hilo sikuzuii, na leo nisingekuzuia hata ungetaka kuendelea. Lakini la masikio haliendi mtaani. Watu hao hao wanaokuita Sikio ndio watakaolicheka jina lenyewe, na watoto watalibeba shuleni. Tutasema ni goti."

"Goti langu halina kitu."

"Litakuwa nacho kuanzia leo."

Mzee aling'oa skrubu, akaliziba tairi, akalijaza, akapima yote manne kwa geji, akafuata maelekezo ya yule mtu wa video tangu mwanzo bila kuruka kitu. Taa ikapepesa mara tatu. Hakukuwa na wa kushangilia.

Jioni mkwe alifika na uso wa mtu aliyekwishapigiwa simu na mtoto. Alikuwa amejiandaa kuuliza. Ndipo mzee akatoka barazani akichechemea, ameshika ukuta.

"Baba! Una nini?"

"Goti, mama. Leo limenigomea kwenye breki. Nimetishika. Siwezi tena kubeba watoto." Ilimtoka kwa urahisi, maana maneno ya mwisho yalikuwa ya kweli. "Tafuta dereva."

Mkwe alimtazama, akamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza kisicho na mkunjo. Kama alielewa, na huenda alielewa, alikuwa mtoto wa watu aliyefundwa. "Pole sana, baba," alisema, na alilisema akiwa amemkabili usoni, taratibu, kama mama mkwe wake.

Dereva aliyepatikana alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa, mtu wa maneno machache na viatu vya kamba. Asubuhi ya kwanza mzee alitoka kumkabidhi funguo, akichechemea. Mwalimu akamfuata nyuma, akamzunguka mpaka mbele ya uso wake, akanong'ona, "Ni la kulia, mume wangu. Jana lilikuwa la kulia."

Akabadilisha mguu.

Dereva hakuona, au hakutazama. Alikuwa ameambiwa na mkwe, kwa heshima ya nyumba, kwamba ukaguzi wa matairi ni kazi ya mzee na hakuna wa kumwingilia. "Mzee, naomba unikagulie matairi kabla sijatoka," alisema kwa sauti kubwa, akisubiri na mikono nyuma.

Sikio alichukua mpini wa jembe. Aligonga la kwanza, akainamisha kichwa kama zamani. Akagonga la pili, la tatu, la nne. Wajukuu walimtazama kutoka kiti cha nyuma kama watu walio mbele ya daktari.

"Hayana neno," alisema. "Endeni."

"Subiri kwanza nimalizie chai," dereva akasema, ingawa chai yake ilikuwa imekwisha. Naye alikuwa ameshapangwa na Mwalimu.

Mzee aliingia ndani, akachechemea mpaka chumbani, akanyooka. Pazia lilikuwa na uwazi mdogo pembeni. Uani, Mwalimu alikuwa amepiga magoti juu ya saruji kando ya gurudumu la mbele, khanga ameifunga kiunoni, geji ya shaba ameisogeza mpaka karibu igusane na jicho lake lile lenye nafuu. Alisoma, akafuta jicho, akasoma tena. Kisha akajikongoja mpaka la pili.

Mzee alimtazama akizunguka gari lote, tairi kwa tairi. Alipomaliza na kuinuka, na kugeuka kuelekea dirishani, mzee aliliachia pazia. Akakaa kitandani, akaanza kusugua goti.